Kidonge cha Alhamisi

Nyumba ya Mama Mkate iliamka kabla ya nyumba zote za mtaa ule. Jua likichomoza, yeye alikuwa ameshakanda unga na kuwasha tanuri la uani. Mikono yake ilikuwa myeupe mpaka kwenye viwiko.

Mume wake alikuwa fundi saa. Watu walimwita Fundi tu. Meza yake ilikuwa katika chumba cha mbele, karibu na dirisha, kwa sababu kazi yake inataka mwanga. Zamani aliweza kushika skrubu ndogo kama punje ya ufuta asiiangushe. Kisha ugonjwa wa viungo ukamwingia. Vidole vikavimba. Asubuhi vilikuwa vigumu kama vijiti. Saa za wateja zikaanza kulala mezani, na wateja wakaanza kununa.

Fundi alikuwa na presha tangu zamani. Kila asubuhi alikunywa kidonge kimoja cha presha. Alipoumwa viungo, daktari alimwongezea dawa nyingine.

"Hii ni dawa nzuri, lakini ni kali," daktari alisema. "Kunywa mara moja kwa wiki. Siyo mara moja kwa siku. Kwa wiki."

Fundi na mkewe wakachagua Alhamisi. Kila Alhamisi Mama Mkate mwenyewe alimpa mumewe kidonge kile. Baada ya muda vidole vikaanza kulegea kidogo. Fundi akaanza tena kushika vyombo vyake vidogo. Nyumba ikapata matumaini.

Vidonge vile vilikuja kwenye boksi, kila kimoja kimefungwa katika ganda la kubonyeza. Vidole vya Fundi havikuweza kubonyeza. Basi akafanya kama anavyofanya na skrubu zake. Aliomba vibonyezwe vyote kwa pamoja, akavitia katika vikopo vidogo vya bati. Kikopo kimoja akakibandika karatasi yenye neno "Presha". Kingine akakibandika "Viungo". Maboksi yakatupwa, pamoja na maelezo yaliyoandikwa juu yake.

Dada mkubwa wa Fundi alipopata habari za ugonjwa, alifunga mizigo yake, akaja kumsaidia ndugu yake. Kwa Mama Mkate huyu alikuwa wifi, na kila mtu pale nyumbani akazoea kumwita Wifi. Alikuwa mwanamke mchapakazi, mwepesi wa moyo na mwepesi zaidi wa ulimi.

Simu ya Mama Mkate ilikuwa na programu ya orodha ya kazi. Kazi zake zote za mkate zilikuwa humo. Kanda unga. Washa tanuri. Peleka mikate dukani. Saa ya kazi ikifika, simu inalia. Kazi ikiisha, unagusa kiduara kidogo na alama ya tiki inatokea. Kesho yake kazi ileile inarudi yenyewe. Hizo huitwa kazi za kujirudia. Unaziandika mara moja tu, na simu inakukumbusha kila zinapofika.

Lakini mtu mwenye unga mikononi hawezi kushika simu. Kwa hiyo asubuhi simu ilikaa kwa Wifi.

"Mke wetu," Wifi aliita siku moja kutoka ndani, "simu yako inalia kama mtoto wa kwanza."

"Itazame, wifi. Mikono yangu ina unga."

"Inasema upeleke mikate dukani. Mbona mimi hainipi kazi?"

"Kazi yako wewe ni maneno. Hiyo haihitaji kukumbushwa."

Wifi akacheka mpaka akakaa chini. "Haya, nimekutilia tiki. Sasa peleka kweli, usije ukanifanya mwongo mbele ya simu."

Wiki moja oda ya mikate ilikuwa kubwa. Alhamisi ikapita, kidonge cha viungo kikasahaulika. Mama Mkate alikumbuka Jumamosi. Akampigia simu daktari, akaambiwa asubiri Alhamisi ijayo. Hapo akajiambia, mbona mikate imo kwenye orodha na mume wangu hayumo?

Alhamisi iliyofuata aliamua kuingiza dawa zote mbili. Aliandika kwanza "Kidonge cha presha". Akachagua saa. Pale palipoandikwa "Rudia" akachagua "Kila siku". Hilo lilikuwa sawa.

Alipotaka kuandika cha pili, harufu ya mkate unaoiva sana ikamfikia. Akaona atumie njia ya mkato. Akagusa neno "Nakili" kwenye kazi ya presha. Ikatokea kazi nyingine inayofanana nayo kama pacha. Akafuta neno "presha", akaandika "viungo". Akahifadhi. Simu ikaandika "Leo". Na kweli siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Akaridhika.

"Wifi, ukiona Kidonge cha presha, mpe kidonge cha presha. Ukiona Kidonge cha viungo, mpe cha viungo. Vikopo vina majina. Ukishampa, weka tiki."

"Kumbe mimi sasa ni nesi," Wifi alisema. "Mshahara wangu ni mkate wa moto."

Mama Mkate akakimbilia tanuri lake.

Siku zilizofuata alisikia simu ikilia ndani kila asubuhi. Alisikia Wifi akimwambia ndugu yake afungue mdomo. Moyo wake ulitulia. Mzigo mmoja umetoka kichwani, alifikiri.

Jumapili Fundi alisukuma kipande chake cha mkate.

"Ganda gumu," alisema. "Linanichubua mdomo."

"Mke wetu, umeanza kuoka matofali?" Wifi akauliza.

Mama Mkate alikata ganda lote, akampa mumewe ile sehemu laini ya ndani. Fundi alitafuna taratibu, huku akifunga macho. Jumatatu hakula kabisa. Jumanne alipopiga mswaki, alitema damu. Alisema amechoka. Alikaa mezani kwake, lakini hakugusa hata saa moja. Mama Mkate alidhani ni homa, na kwamba itapita. Akapika uji.

Jumatano mchana muuguzi wa zahanati ya jirani alipita kununua mkate. Alikuwa mteja wa siku nyingi, mwanamke mpole asiye na haraka. Alipita chumba cha mbele kumsalimu Fundi. Akasimama.

"Fundi, hebu fungua mdomo."

Fundi alifungua. Ndani kulikuwa na vidonda. Kwenye ulimi, kwenye mashavu, kwenye ufizi. Muuguzi aliinama kutazama, akagusa paji lake la uso, kisha akamgeukia Mama Mkate.

"Anakunywa dawa gani?"

"Mbili tu, nesi. Ya presha na ya viungo."

"Niletee nione."

Wifi alileta vikopo viwili vya bati. Muuguzi alifungua cha presha, akakiweka chini. Akafungua cha viungo. Akakiinamisha kwenye mwanga wa dirisha. Akamimina kiganjani. Vilidondoka vidonge vichache sana.

"Hivi vilikuwa vya muda gani?"

"Miezi miwili," Mama Mkate alisema. "Tulivichukua juzi juzi." Kisha akatazama kile kiganja, akaanza kuhesabu.

Muuguzi alimwuliza Wifi kwa upole, "Dada, hiki unampa lini?"

"Kila asubuhi," Wifi alijibu. "Simu ikilia nampa. Sijaruka hata siku moja." Alisema kwa fahari kidogo, kama mtu anayesubiri asante.

Hakuna aliyesema asante. Saa za ukutani ziligonga kila moja kwa mwendo wake.

"Kila asubuhi?" Mama Mkate aliuliza.

"Si ulisema nikiona nimpe?"

"Wifi, hiki ni cha mara moja kwa wiki. Cha Alhamisi tu."

"Mimi nani aliniambia?"

Hakuna aliyemwambia. Mama Mkate alitafuta kichwani mahali popote ambapo alimwambia wifi yake neno "wiki". Hakupata. Akashika ukingo wa meza, meza ikatikisika. Skrubu zikamwagika sakafuni, na hakuna aliyeinama kuziokota.

"Na wewe, Fundi?" muuguzi aliuliza. "Hukuona?"

"Niliona viwili," Fundi alisema kwa shida. "Ni vidogo, vinafanana. Nikadhani dawa ya presha imeongezwa. Nikasema hawa wanawake wanajua wanachofanya."

Muuguzi alifunga kikopo. "Kuanzia sasa asimeze kidonge hiki hata kimoja. Tunakwenda hospitali. Siyo kesho. Sasa hivi. Chukueni vikopo vyote viwili na simu."

Mikate ilikuwa bado tanurini. Mama Mkate aliiacha humo.

Hospitali walimtoa Fundi damu, wakaipeleka kupimwa. Daktari alirudi na karatasi mkononi. Alikaa kitini kabla ya kusema, na hilo lilimtisha Mama Mkate kuliko karatasi.

"Damu yake imeshuka sana," daktari alisema. "Chembe zinazopigana na magonjwa zimepungua. Dawa hii ikinywewa kila wiki inatibu. Ikinywewa kila siku inaweza kuua."

"Kidonge kilekile?" Mama Mkate aliuliza.

"Kilekile."

"Hakijaharibika? Siyo cha bandia?"

"Ni kizima kabisa, mama. Kilichokosewa ni siku."

Alitamani aambiwe kidonge kilikuwa kibovu. Alitamani pawe na mtu dukani wa kulaumiwa. Daktari alieleza kwamba Fundi atalazwa, atapewa dawa ya kupunguza makali ya ile aliyozidisha, na atapimwa damu tena na tena. "Mmemleta angali anaweza kupona," alisema. "Wengine huletwa tukiwa hatuna la kufanya."

Mama Mkate na Wifi walikaa kwenye benchi la korido. Wifi alikuwa amejifunika uso kwa khanga.

"Nimemlisha mdogo wangu sumu kwa mkono huu," alisema. "Mama yetu aliniachia huyu mtoto. Nimembeba mgongoni."

"Wewe ulifuata simu, wifi. Simu nimeiandika mimi."

"Sasa simu ndiyo imekosea?"

Muuguzi alikuwa amesimama karibu nao. "Naomba niitazame," alisema.

Mama Mkate aliifungua ile programu. Alikuwa na hakika ataona neno "Kila wiki". Aligusa "Kidonge cha viungo". Chini ya jina, kwa herufi ndogo za kijivu, paliandikwa: Rudia, kila siku.

Aliyasoma maneno yale. Akayasoma tena, kwa kidole, kama mtoto anayejifunza kusoma. Chini yake zilikuwa tiki, siku baada ya siku, zote zikiwa zimewekwa kwa uaminifu.

"Sikuandika hivi," alinong'ona. "Nesi, wallahi sikuandika hivi."

"Uliandikaje?"

Alieleza. Alisema alivyoandika kazi ya presha, kisha akainakili, kisha akabadilisha jina. Alipofika kwenye maneno "kubadilisha jina" alielewa.

"Ukinakili kazi, simu inachukua kila kitu," muuguzi alisema. "Inachukua saa, inachukua sauti, na inachukua marudio. Wewe ulibadilisha jina tu. Ni kama kumvika mtu shati jipya. Mtu ni yuleyule."

"Lakini iliandika Leo, na leo ile ilikuwa Alhamisi kweli."

"Siku ya kwanza haikuambii kitu. Kazi ya kila siku na kazi ya kila wiki zote huanza leo. Tofauti yake utaiona kesho. Kwa hiyo ukimaliza kuandika, usitazame leo. Tazama tarehe ijayo. Kama ni dawa ya Alhamisi na simu inakuonyesha Ijumaa, umekosea, na hakuna aliyeumia bado."

Wifi alitoa khanga usoni. "Basi hiyo simu haijui dawa?"

"Haijui dawa, haijui mkate. Inajua ulichoiambia."

"Na sisi tuliichukulia kama daktari," Wifi alisema.

Muuguzi akakaa katikati yao. Alieleza taratibu, na aliporudia hakuchoka. Alisema kila kazi ya kujirudia ina maswali yake. Inarudi baada ya muda gani? Siku gani hasa? Na inaisha lini? Dawa ya wiki mbili isiyopewa siku ya kuisha itaendelea kulia mwaka mzima, na mtu mtiifu atameza mwaka mzima.

Alisema pia kuna kazi zinazofuata kalenda, na kuna kazi zinazofuata mara ya mwisho ulipozifanya.

"Bomba la moshi la tanuri lako unalisafishaje?" alimwuliza Mama Mkate.

"Kila mwezi. Nikichelewa, nahesabu mwezi kuanzia siku niliyosafisha."

"Hiyo inafuata mara ya mwisho. Ukichagua hivyo, simu itahesabu kuanzia ulipoweka tiki. Lakini kidonge cha Alhamisi kinafuata kalenda. Tiki ikichelewa mpaka Ijumaa, hutaki simu ihamishe dawa yote kwenda Ijumaa. Na kikisahaulika, msimpe viwili kufidia. Pigeni simu, mwulizeni daktari."

"Na tiki niweke lini?" Wifi aliuliza. "Maana mimi nilikuwa naweka kwanza, isiendelee kulia."

Mama Mkate aligeuka kumtazama. Hilo nalo hakulijua. Alihisi kama mtu anayeinua jiwe na kukuta nge, kisha akainua la pili na kukuta mwingine.

"Weka akishameza," muuguzi alisema. "Tiki ni ushahidi. Ukiweka kabla, ukaitwa mlangoni, ukirudi utadhani umeshampa. Na dawa zirudi kwenye maboksi yake. Boksi lina maandishi. Simu ikisema hivi na boksi likisema vile, usimpe. Uliza."

Mlango wa wodi ukafunguliwa. Waliruhusiwa kumwona Fundi. Alikuwa amelala na mpira wa dripu mkononi, uso umesawijika. Wote wawili wakaanza kusema kwa pamoja. Wifi alisema kosa ni lake. Mama Mkate alisema kosa ni lake.

Fundi alinyanyua kidole kimoja kilichovimba. "Ngojeni," alisema, maneno yakipita kwa taabu kati ya vidonda. "Mnagombania nani aliyeniua, na mimi bado nipo."

Wifi alicheka na kulia kwa wakati mmoja. Mama Mkate hakuweza hata kimoja. Alishika ule mkono wenye dripu, akaushikilia.

Fundi alikaa hospitali mpaka damu yake ikaanza kupanda. Vidonda vya mdomo vilikauka. Aliporudi nyumbani alikuwa amekonda, lakini alikula mkate na ganda lake. Daktari hakumrudishia dawa ya viungo upesi. Alimpima mara kadhaa kwanza. Siku aliyomruhusu kuianza tena, alimpa kwa kipimo kidogo, na maboksi yalirudi nyumbani yakiwa mazima. Vidonge vya Fundi sasa hukaa ndani ya maganda yake mpaka dakika ya kumeza. Wifi ndiye anayebonyeza.

Jioni ya siku maboksi yalipoletwa, Mama Mkate alinawa mikono mpaka maji yakatoka safi. Akakaa mezani kwa mumewe. Wifi alikaa upande mmoja, Fundi upande mwingine. Hakunakili kitu. Aliifuta kazi ya zamani yote, akaanza upya, na kila alichoandika alikisema kwa sauti.

"Kidonge cha viungo, mara moja tu kwa wiki." Neno "wiki" aliliweka kwenye jina lenyewe, mtu asilazimike kutafuta herufi za kijivu. "Rudia, kila wiki. Siku, Alhamisi. Nahifadhi."

"Usitazame leo," Wifi akamkumbusha.

Mama Mkate alifungua orodha ya kesho. Kidonge cha presha kilikuwepo. Cha viungo hakikuwepo. Akafungua keshokutwa, na siku iliyofuata. Hakikuwepo. Alisogeza mbele mpaka Alhamisi nyingine, na hapo kikatokea. Akawapa wenzake nao wasogeze. Kila mmoja alihesabu kwa kidole chake.

"Sasa nimeiamini," Fundi alisema. "Saa pia, hujui kama ni nzima mpaka uiache izunguke."

Alhamisi ilipofika, simu ililia mara mbili, ya presha na ya viungo. Wifi alisoma boksi, akasoma simu, akamuuliza Fundi ni siku gani, na Fundi akajibu. Alimeza. Ndipo tiki ikawekwa. Polepole, wiki kwa wiki, vidole vikalegea tena. Baada ya miezi kadhaa saa za wateja zilianza kuondoka mezani.

Ilikuwa Ijumaa moja asubuhi. Mama Mkate alikuwa uani, mikate iko tayari kutolewa. Simu ikalia ndani. Mkono wake ukasimama kwenye mlango wa tanuri, kama unavyosimama kila asubuhi tangu siku ile. Hakupumua.

"Fungua mdomo," Wifi alisema ndani.

Ganda la kidonge likalia tik.

"Kimoja tu?" Fundi aliuliza.

"Kimoja tu, mdogo wangu. Leo Ijumaa."

Mama Mkate akashusha pumzi, akafungua tanuri.